Punje Nyeusi Katika Maziwa ya Hooyo

Mitungi ilirudi imejaa. Kwa kawaida hurudi kutoka Nairobi ikiwa mitupu, inagongana nyuma ya lori kwa kelele ambayo mtaa mzima unaisikia kabla lori halijakata kona. Siku hiyo lori lilikuja kimya. Hooyo, yaani mama yangu, alikuwa amesimama na wenzake wa kikundi mbele ya kituo chao cha kukusanyia maziwa, na aliijua habari kwa ule ukimya. Akafungua mtungi wa kwanza, akanusa, akarudisha kifuniko. Hakuufungua wa pili. Wakayamwaga yote nyuma ya ukuta, maziwa ya ngamia waliolishwa njia nzima ya Modogashe, na mchanga wa Garissa ukayanywa kana kwamba ni haki yake. Mbuzi wa jirani wakaja wakalamba pale palipokuwa bado na unyevu, wakaenda zao.

Sababu tuliipata kwa simu. Kampuni inayonunua maziwa ya kina mama ilikuwa imekuta punje nyeusi kwenye chujio lake. Afisa wake wa ubora, kijana aliyezungumza polepole na kwa adabu, alisema anaamini punje zile ni alumini iliyokwaruzika kutoka kwenye mitungi ya zamani kila kina mama wanapoizungushia makaa ndani. Kampuni haiwezi kuwanywesha watu madini. Basi ama waache kufukiza vyombo kwa moshi, ama waache kuleta maziwa. Angekuja mwenyewe wiki iliyofuata kusikia uamuzi wao.

Hakujua alichokuwa anakiomba. Hooyo alizaliwa upande wa Hadado, na kabla hajafundishwa kusuka nywele alifundishwa kufukiza chombo. Unachukua makaa mekundu ya galool, aina ya mgunga wa kwetu, unayatia ndani ya chombo kikavu, unafunika, unakizungusha na kukitikisa mpaka moshi uingie kila pembe. Kisha unamwaga makaa, unapangusa kwa kitambaa, na chombo kiko tayari. Maziwa yanayokamuliwa alfajiri huko machungani hufika Garissa jua likiwa utosini, juu ya pikipiki, na ni moshi huo unaoyashika yasichachuke njiani. Kina mama walijaribu siku moja bila moshi ili wampendeze afisa. Kufikia alasiri maziwa yalikuwa yameganda vipande vipande, na yule mwendesha pikipiki akaomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Kumwambia Hooyo aache moshi kulikuwa sawa na kumwambia aache maziwa. Na maziwa ndiyo yaliyotusomesha sote nyumbani.

Mimi ni mwandishi wa riwaya, lakini riwaya bado haijajifunza kunilisha. Kinachonilisha ni maabara ya chuo kimoja hapa Garissa, ambako kazi yangu ni kuitunza hadubini ya elektroni. Wenzangu wa duru za waandishi Nairobi hucheka wakisikia. Wanadhani mwandishi kuingia maabara ni kama ngamia kuingia msikitini. Mimi huwaambia hawajawahi kuona mguu wa mchwa ukiwa umejaa skrini nzima, na ubishi huishia hapo.

Kwa Wasomali, mama humwita mtoto kwa jina lake mwenyewe la umama. Mimi namwita hooyo, naye ananiita hooyo, na mgeni akituangalia hajui nani kamzaa nani. Jioni ya siku ile alikaa kizingitini, akaipangusa miguu mchanga, akaniuliza kwa Kisomali kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Hooyo, mashine yako inaona nini?"

Nikamwambia inaona vitu vidogo kuliko vumbi.

"Najua inaona. Nauliza inaona nini. Ikiona kitu cheusi, inajua ni kitu gani?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo kuhusu kazi yangu. Kwa sababu ukweli ni kwamba inategemea unaichagulia isikilize nini.

Hadubini yetu ni ya mezani, kubwa kama friji ndogo. Haitumii mwanga. Hutoa hewa yote ndani ya tumbo lake, kisha hushusha uzi mwembamba wa elektroni juu ya kitu na kuupitisha mstari kwa mstari, kama mtu anayefagia uwanja. Kila mahali uzi ule unapogusa, vitu vinaruka kutoka pale, na pembeni kuna vitambuzi vya kuvipokea. Kuna elektroni ndogo dhaifu zinazotimka kwenye ngozi ya kitu, kama vumbi linalotimka chini ya kwato. Hizo tunaziita elektroni za pili, na hukuonyesha umbo: kilima, bonde, mkunjo, ufa. Kuna zile zenye nguvu, zinazoingia ndani, zinagonga kiini cha atomi na kurudi zilikotoka. Ukitupa jiwe kwenye mchanga linazama; ukilitupa kwenye mwamba linakurudia. Vivyo hivyo kitu chenye atomi nzito huzirudisha nyingi na kung'aa kwenye skrini, na chenye atomi nyepesi hubaki giza. Na kuna eksirei, ambayo kila elementi huitoa kwa sauti yake, na kitambuzi cha tatu kikiipokea kinaweza kukutajia elementi ile kwa jina.

Kitu ni kimoja, lakini ukibadilisha kitambuzi inakuja picha nyingine kabisa. Watu wengi huchagua ile ya kwanza kwa sababu inapendeza.

Mwenzangu wa maabara ni mmoja wa hao. Ametoka Buna, anaamini hakuna mji duniani wenye watu wenye akili kuliko Buna, na anapenda picha. Hooyo alikuwa amehifadhi kikombe kimoja cha maziwa yaliyorudi. Tuliyachuja, tukaosha mafuta kwa maji ya moto na spiriti, tukakausha, na chini ya karatasi zikabaki punje nyeusi, ndogo kiasi kwamba ukipumua vibaya zimekwenda. Nilizibandika juu ya utepe mweusi wa kaboni, kama tunavyobandika kila kitu. Pembeni yake nikaweka mkwaruzo wa alumini niliouchukua kwa kisu kwenye mtungi wa zamani wa Hooyo, ili tuwe na cha kulinganishia. Tukafunga mlango, pampu ikavuta hewa, na nikawasha kitambuzi cha elektroni za pili.

Punje ilijitokeza kama jengo. Ilikuwa na matundu marefu yaliyopangwa bega kwa bega, kuta nyembamba baina yake, ngazi na vichochoro. Nilikuwa natazama mishipa ya mti, ile iliyopandisha maji kutoka mizizini mpaka jani la mwisho, imebaki wima hata baada ya moto kuila.

"Abaayo," akasema yule wa Buna, kwa maana ya dada, "hii tunaichapisha kwenye kalenda. Mpe afisa hii moja tu, arudi kwao na aibu."

Nilitamani iwe rahisi hivyo. Nikamwambia hiyo ni picha ya umbo, na afisa hakulalamika juu ya umbo. Alisema madini. Mtu mbishi angesema alumini iliyokwaruzika nayo inaweza kuwa na matundu, au vumbi lake linaweza kuganda juu ya kaa la mti. Picha ya umbo ingempendeza lakini isingemjibu.

"Wewe ndiye mbishi," akasema. "Yeye bado hajafika."

Nikabadilisha. Nikazima kitambuzi cha elektroni za pili na kuwasha kile cha zinazorudi, bila kusogeza chochote, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Na punje ikatoweka.

Yule wa Buna aliinama akidhani nimeipoteza. Mkwaruzo wa alumini ulikuwa pale pale, umetulia, wa kijivu cheupe, lakini pale palipokuwa na jengo letu palikuwa na giza tupu. Nilirudisha kitambuzi cha kwanza, jengo likarudi. Nikawasha cha pili, likazama. Nilifanya hivyo mara kadhaa kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Nilikuwa nimeibandika kaboni juu ya kaboni! Punje ilikuwa nyepesi sawasawa na utepe ulioishika, na kwa sikio lile linalosikiliza uzito peke yake, hakukuwa na tofauti kati yao. Nilihisi furaha ikinipanda kutoka magotini. Ingekuwa ni alumini ingeng'aa kama ule mkwaruzo. Kutoonekana kwake ndiko kulikokuwa ushahidi wetu.

Kisha nikaongeza mwanga wa picha kidogo, ili kingo zake zionekane, na furaha ikasimama njiani.

Ndani ya giza lile kulikuwa na nukta. Nukta nyeupe, kali, zinazong'aa kuliko hata alumini. Hazikuwa zimetawanyika ovyo. Zilifuatana kwa mistari mirefu, moja nyuma ya nyingine, kando ya ile mishipa ya mti. Kitu chenye atomi nzito kilikuwa ndani ya punje za mama yangu.

Yule wa Buna hakusema neno la mzaha. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba picha ile ya kwanza bado ipo, tena nzuri, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuonyesha picha zote alizonazo. Nilimwelewa. Ananipenda kama dada na anayapenda maziwa ya Hooyo kuliko ya mama yake, ingawa hatakiri. Lakini niliwaza watoto wa Nairobi wakinywa kitu kile kizito nisichokijua, na niliwaza Hooyo mwenyewe, ambaye ameyanywa maziwa hayo tangu siku alipoachishwa ziwa. Nikasogeza mkono kuwasha kitambuzi cha eksirei, ili nizisikie nukta zile zikijitaja jina. Stima ikakatika.

Ilikuwa mchana kweupe, na chuo kizima kikatoa ule mguno mmoja wa watu wa Garissa wanapopoteza feni. Jenereta ilikuwa na shida yake ya siku zote. Tulingoja mpaka mwadhini akaita alasiri, tukafunga maabara.

Nyumbani nilimweleza Hooyo kila kitu. Nilitumaini angekasirika au angeogopa, ili nami nipate kisingizio cha kuzificha zile nukta. Alisikiliza huku anachambua mchele. Akauliza kama kesho, siku ya afisa kuja, stima itakuwapo. Nikasema Mungu akipenda. Akauliza kama naweza kumsikilizisha afisa zile nukta akiwa yeye mwenyewe amekaa pale, kabla sijazisikiliza mimi. Nikasema, lakini hooyo, kama ni sumu je?

"Kama ni sumu nitaacha kesho hiyo hiyo," akasema. "Na kama si sumu, sitaki aseme binti yangu alipanga majibu nyumbani."

Nikamwomba jambo moja tu: aje na kipande cha kaa la galool, lile analolitumia kufukizia, ambalo halijawahi kugusa maziwa.

Asubuhi alikuja akiwa amevaa garbasaar yake ya manjano, ile shali ya harusini, na kipande cha kaa amekifunga kwenye pindo lake. Nyuma yake walikuja wenzake wa kikundi, lakini maabara haikuweza kuwabeba, kwa hiyo walikaa barazani na kujaza korido maneno. Afisa alifika baadaye kidogo. Kwetu, mtu akitoka upande wa Nairobi wazee bado husema ametoka Kenya, kana kwamba amevuka mpaka, na kina mama wale wa barazani walisema hivyo hivyo, kwa Kisomali, kisha wakajadili kama ameoa. Alikuwa mwembamba, viatu vyake vimejaa vumbi, na alivivua mlangoni alipoona Hooyo amevua vyake. Hilo lilimpa alama za kwanza.

"Kijana yangu, karibu," Hooyo akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kaa hapa karibu na mimi. Leo tunaangalia hii uchafu yangu pamoja."

"Mama, mimi sikusema uchafu," akasema afisa.

"Ulisema madini. Madini ni uchafu ya bei kubwa."

Afisa akacheka, na nikaona kwamba hakuja kushinda. Alikuja kwa sababu kazi yake ni watu wasidhurike, na hilo lilinitisha zaidi, maana mtu wa namna hiyo huwezi kumpa kalenda.

Nilianza na elektroni za pili. Jengo likasimama kwenye skrini na Hooyo akasogea mbele. Afisa alilisifu, kisha akasema kile nilichojua atakisema: kwamba anaona umbo la mti, ndiyo, lakini umbo halimwambii kilichomo. Yule wa Buna, aliyekuwa kwenye pampu, akanitazama kwa jicho la mtu anayekubali kushindwa ubishi na dada yake.

Nikabadilisha kitambuzi. Jengo likazama, alumini ikabaki. Nilimweleza afisa kwa nini, kwa habari ya jiwe na mchanga, na akataka nirudie, nikarudia, akaniambia nisogeze mpaka punje nyingine, na nyingine, na kila moja ilizama. Aliegemea nyuma kwenye kiti. Akacheka kidogo, akasema hakuwahi kufikiria kwamba kitu kinaweza kujitetea kwa kutoonekana. Ningeweza kuishia pale. Uso wake ulikuwa tayari umelegea, kalamu yake tayari iko mkononi, na nje kina mama walikuwa wamenyamaza kwa sababu walisikia kicheko chake.

Nikaongeza mwanga wa picha.

"Hizo nyeupe ni nini?" akauliza.

"Sijui," nikasema. "Jana stima ilikatika kabla sijajua. Tutajua sasa hivi."

Kalamu ilirudi mezani. Hooyo alikuwa ameshika pindo la garbasaar kwa mikono miwili. Nikaelekeza uzi wa elektroni kwenye nukta moja, nikawasha kitambuzi cha eksirei, na mstari ukaanza kupanda upande wa kulia wa skrini, polepole, kama mtu anayeinuka kutoka kwenye swala ndefu. Kwanza ikainuka kaboni. Kisha oksijeni. Kisha, mbali kidogo, mlima mmoja mrefu ambao haukuacha kupanda. Nililitazama jina lake na kulitazama tena. Pale ambapo alumini ingesimama palikuwa tambarare kama ardhi ya Wajir.

"Kalsiamu," nikasema, na sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyoipanga. "Si alumini yako. Ni kalsiamu, ile ya chokaa."

Nilidhani tumeshinda. Afisa alikunja uso, na akasema kwa upole uleule kwamba chokaa nayo ina hadithi yake. Amewahi kukuta maziwa yaliyotiwa unga wa chokaa ili yaonekane mazito. Hasemi kina mama hawa wamefanya hivyo. Anauliza tu, kwa sababu itabidi aulizwe: chokaa hii imeingiaje?

Yule wa Buna alimtafsiria Hooyo maneno yale kwa Kisomali. Neno lile la unga lilipomfikia, alinyooka kwenye kiti. Mwanamke anaweza kustahimili kuambiwa mtungi wake ni mzee. Kuambiwa maziwa yake yametiwa kitu, mbele ya binti yake, mbele ya wenzake waliokuwa wameziba mlango wote sasa, hilo ni neno jingine.

"Naa," akaniambia, yaani wewe msichana, kwa Kisomali, bila kuliondoa jicho kwa afisa. "Fungua mashine yako."

Akafungua pindo la garbasaar, akatoa kipande cha kaa, akakiweka kwenye kiganja cha afisa, si changu.

"Hii haijaona maziwa," akamwambia. "Vunja wewe. Mimi sishiki, mtoto yangu hashiki."

Afisa akalivunja. Vidole vyake vikawa vyeusi mpaka kwenye kucha. Yeye mwenyewe, kwa kibanio changu, alichagua chembe kutoka katikati ya kipande, ambako hata upepo haujawahi kufika, na akaibandika juu ya utepe mahali nilipomwonyesha. Pampu ikaanza tena kuvuta hewa. Ni kazi ya dakika chache, lakini ndani ya dakika zile nilisikia kila feni ya jengo lile, na nilimsikia mmoja wa kina mama pale mlangoni akiwauliza wenzake kwa mnong'ono kama huyu kijana anajua kwamba anaoga kwa makaa.

Sikumwonyesha umbo safari hii. Nilikwenda moja kwa moja kwenye elektroni zinazorudi. Kaa lilikuwa giza juu ya giza, kama mwenzake. Nikaongeza mwanga wa picha.

Zilikuwepo. Mstari kwa mstari, kando ya mishipa, nukta kwa nukta, zimepangwa kwa umbali uleule, ndani kabisa ya mti ambao haukuwahi kujua maziwa ni nini. Nikaishika moja kwa uzi wa elektroni na kalsiamu ikainuka palepale ilipoinuka mwanzo, na kando yake alumini ikabaki tambarare. Galool wenyewe ulikuwa umezitunga. Huifyonza chokaa kutoka kwenye udongo wetu mweupe, huiweka kwenye vijichumba vidogo kama anayeficha akiba, na moto unapokula kila kitu vijichumba vile hubaki na hazina yao. Vilikuwa vimesimama vivyo hivyo kwenye punje za ndani ya maziwa.

Nilisema haya yote, nadhani, lakini kwa mwendo ambao hakuna aliyeushika. Aliyetuokoa na maneno yangu ni Hooyo. Alisimama, akaenda mpaka kwenye skrini, akaweka kidole chenye hina juu ya mstari wa nukta na kuupitisha taratibu, moja baada ya nyingine.

"Tusbah," akasema. Tasbihi. Kisha akamgeukia afisa. "Unaona hii bicha? Mti inahesabu jina ya Mungu, na wewe unasema ni madini."

Afisa alitazama skrini, akatazama vidole vyake vyeusi, akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo. Akasema, mama, nimeona. Akasema ataandika kwamba punje ni kaa la mti na chokaa ya mti, kwamba mitungi haina kosa, na kwamba moshi uendelee. Aliomba jambo moja tu, kitambaa kizito zaidi cha kuchujia, kwa sababu hata kaa safi mnunuzi halipendi kwenye chai.

"Kitambaa tunaweka," akasema Hooyo. "Hata mbili."

Mlangoni palilipuka vigelegele. Sijui nani aliyevianza, lakini vilipita korido nzima na kutoka uwanjani, na wanafunzi wakatoa vichwa madirishani wakidhani kuna arusi. Yule wa Buna alinipiga bega akasema wazo la kuonyesha picha zote lilikuwa lake tangu mwanzo, kwamba hivyo ndivyo watu wa Buna walivyo. Nilimwachia. Siku ile ningeweza kumwachia hata hadubini.

Tulitoka wote kwenda kituoni, kwa miguu, kina mama wakiwa mbele wamejaza barabara mpaka pikipiki zikalazimika kupita pembeni. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yameshafika. Hooyo alichota kikombe kikubwa, cha bati, kilichojaa mpaka povu likaegemea ukingo, akampa afisa kwa mikono miwili. Harufu ya moshi ilikuja kwanza, kisha utamu. Afisa alikunywa funda moja, akasimama, akakitazama kikombe kama anayemsikiliza mtu.

"Bole bole," Hooyo akamwambia. "Wewe si mwenyeji. Hii maziwa inasafisha tumbo, na kutoka hapa mpaka Mwingi hakuna choo."

Kina mama walicheka mpaka wakashikana. Afisa aliangalia kikombe, akaangalia lori lililokuwa likimngoja na dereva aliyekuwa akitikisa kichwa kumwonya, akanywa. Alikunywa mpaka bati likageuka juu chini, na tone la mwisho akalikamata kwa ulimi. Akapangusa mdomo kwa mkono wake mweusi wa makaa, ukamwachia masharubu.

"Mama," akasema, akikinyoosha kikombe, "niongezee."